Twende Bigo, Tusiishie Jinja

Kila mwaka, siku za safari ya shule zikaribiapo, huzuka ubishi ule ule. Kundi moja lataka Jinja, likatazame mahali mto Nile utokapo ziwani. Kundi la pili lataka Entebbe, likatazame simba na sokwe. Mmoja hushinda, basi hukodiwa, nyimbo huimbwa njiani, soda hunywewa, na jioni sote tumekwisha kurudi Kawempe. Sina ubaya na Jinja wala na Entebbe. Lakini mwanafunzi aliyeingia sekondari na miaka 13 akatoka na miaka 19 aweza kuwa ameutazama mto huo mara tatu, na asiwe ameona hata mara moja kazi ya mikono ya watu wa kale wa nchi hii, kazi ambayo wageni husafiri kutoka ng'ambo kuja kuipima.

Nasema juu ya Bigo bya Mugenyi. Ngome hizo ziko Mawogola, katika wilaya ya Sembabule, kusini ya mto Katonga. Hazikujengwa kwa mawe kama ngome ya Mombasa. Ni mahandaki. Watu walichimba ardhi, wakatupa udongo pembeni ukawa ukuta, wakaendelea hivyo kupita nyanda na miinuko, hata jumla ya urefu wa mahandaki yote ikapita kilomita 10. Mahali pengine kina chake hukaribia mita 4, na pengine handaki limekatwa ndani ya mwamba. Kuna handaki la nje lizungukalo nchi kubwa kwa upinde, ncha zake zikielekea kinamasi cha mto, na ndani yake, juu ya kilima, mna maboma mengine yaliyoshikana. Mwenye kusimama pale juu huona Katonga chini yake, mafunjo matupu, na huona kila mtu atafutaye kivuko.

Wachunguzi wa mambo ya kale wamepajua siku nyingi. Bwana Wayland wa Idara ya Jiolojia aliandika habari zake katika jarida la Uganda Journal mwaka 1934. Bwana Shinnie alichimba mwaka 1957, na Bwana Posnansky akachimba tena mwaka 1960. Makaa ya kale yaliyopatikana yalipopimwa, yalionyesha kwamba watu walikaa pale katika karne ya 14 na ya 15, pengine na mwanzo wa ile ya 16. Kwa hiyo wakati Sultani wa Kilwa alipokuwa akijenga jumba lake la Husuni Kubwa juu ya bahari, na Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, huku bara nako mambo makubwa yalikuwa yanaanza. Twafundishwa Kilwa, na vema tufundishwe. Basi na huku je?

Jina lenyewe latosha kumfanya Mswahili asimame kidogo. Katika Kiganda ekigo ni boma au ngome, na ebigo ni wingi wake. Sisi wa Kawempe neno hilo twalisikia kila Jumapili bila kulifikiri, maana Wakatoliki huita parokia yao ekigo. Na omugenyi ni mgeni, neno lile lile la Kiswahili likiwa na vazi jingine. Kwa hiyo asemaye Bigo bya Mugenyi ni kama amesema Ngome za Mgeni. Wazee lakini husema Mugenyi ni jina la mtu, mmoja wa Wachwezi, watawala wa Kitara ambao masimulizi huwapa nguvu kupita za binadamu: Ndahura, Mulindwa, Wamara. Mugenyi alikuwa na ng'ombe wake mpenzi aitwaye Bihogo, naye aliapa kwamba ng'ombe huyo akifa, naye atajiua. Ng'ombe akafa. Ndugu zake wakamzuia asijiue. Ng'ombe alipopasuliwa ili mambo yatazamiwe, hapakuonekana matumbo ndani yake, mpaka alipokuja mwaguzi kutoka ng'ambo ya Nile, Nyakoka, akayaonyesha yamo kichwani na katika kwato. Akasema zamani za Wachwezi zimekwisha. Wakaondoka, na hakuna ajuaye walikokwenda. Bwana J. W. Nyakatura aliyaandika masimulizi haya ya Bunyoro katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1947. Kisa hicho ni kizuri kuliko vingi tulivyosomeshwa vya Wayunani, na ni cha kwetu.

Mimi nilifika Bigo mara moja, wakati wa likizo, kwa kuwa mjomba wangu anafuga ng'ombe upande wa Ntusi. Niseme kweli kwamba mtu asiyeambiwa aweza kulipita handaki la nje asijue. Miti imeota ndani yake, na kwa mbali huonekana kama mstari wa kichaka uliochorwa katikati ya nyasi. Ni mpaka uteremke. Ukishateremka, nyasi za ukingo zikawa juu ya kichwa chako, upepo ukanyamaza, ndipo utakapouliza swali ambalo nimelibeba hata leo: ni nani aliyewalisha watu hawa siku zote walipokuwa wakichimba? Maana majembe hayakuwa haya ya kununua dukani. Chuma ilikuwa lazima kiyeyushwe, kifuliwe, na mchimbaji ale ugali na maziwa ya mtu mwingine. Penye handaki la kilomita 10 pana mkubwa wa kuamuru, au pana shauri la wengi lililokubaliwa. Katika hayo mawili, sijui ni lipi la ajabu zaidi.

Wenzangu niliowaeleza wamenijibu kwamba hakuna cha kuona huko, ni shimo tu. Jibu la kwanza ni kwamba maporomoko ya Jinja nayo hayaonekani tena. Yale aliyoyaona Bwana Speke mwaka 1862 yalifunikwa na maji bwawa la Owen Falls lilipojengwa, likafunguliwa mwaka 1954. Sasa twaenda kutazama maji matulivu na mahali pa kupigia picha. Jibu la pili ni kwamba Bigo haiko peke yake. Njia yenyewe ni somo. Ukitoka Kampala kwa barabara ya Masaka unavuka Ikweta pale Kayabwe, kisha unaingia bonde la Katonga kabla ya Lukaya. Mto huu ni ule ule utazamwao na ngome, ila ni upande wake wa chini. Mwezi wa Machi 1979 majeshi ya Tanzania yalipigana Lukaya na majeshi ya Amin na Walibya waliokuja kumsaidia. Mwaka 1985 daraja la Katonga likawa tena mpaka wa vita, kati ya serikali ya Kampala na wapiganaji wa NRA. Mwezi wa Mei 2023 maji yenyewe yaliiharibu barabara pale pale, magari yakazungushwa mbali. Mtu akiuliza kwa nini wazee waliweka ngome yao juu ya Katonga, na aketi dakika kumi penye daraja hilo atafakari. Mto ulio na kinamasi kipana ni ukuta ambao hakuna aliyelipwa kuujenga.

Halafu kuna Ntusi yenyewe, si mbali kusini ya Bigo. Huko mna vilima viwili ambavyo si vilima. Ni jalala la watu wa kale: majivu, samadi, vigae vya vyungu, na mifupa ya ng'ombe kwa wingi, vyote vikarundikana miaka mingi mpaka vikawa mwinuko wa kupanda. Wenyeji huviita Ntusi dume na Ntusi jike. Karibu yake pana bonde kubwa lililochimbwa na watu, liitwalo Bwogero. Ntusi ni ya zamani kuliko Bigo, maana watu walianza kukaa pale karibu na mwaka 1000. Nao hawakuwa wachungaji watupu: mawe ya kusagia na mashimo ya kuwekea nafaka yaonyesha kwamba walilima pia. Hapo mwalimu wa historia na mwalimu wa kilimo wangeweza kwenda katika basi moja wasigombane.

Na wenye kutaka kurudi kwa njia nyingine wapite Mubende, wapande kilima wauone mti wa Nakayima, mti mrefu ajabu ambao mizizi yake imejikunja ikafanya kama vyumba. Lakini juu ya mti huo nitasema baadaye, maana ndio uletao maneno.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kwa miaka mingi walioandika vitabu walisema kwamba kazi kama ya Bigo haikuweza kufanywa na watu wa hapa. Bwana Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, alidai kwamba watawala wa nchi hizi za maziwa walitoka kaskazini, upande wa Uhabeshi, na kwamba ndio walioleta ustaarabu. Waliomfuata waliongeza chumvi, hata Wachwezi wakafanywa watu weupe. Huko Rhodesia ya zamani ilikuwa vivyo hivyo: majengo ya mawe ya Zimbabwe Kuu yalisemwa kuwa kazi ya Wafoeniki au ya Malkia wa Sheba, ijapokuwa Bwana Randall-MacIver alichimba mwaka 1905 na Bibi Caton-Thompson mwaka 1929, wote wawili wakasema wazi kwamba ni kazi ya Waafrika. Walowezi hawakupenda kusikia.

Vyungu vya Bigo havikusema kama Bwana Speke. Vigae vilivyochimbuliwa vina nakshi iliyofanywa kwa kuviringisha kamba ya nyasi iliyosukwa juu ya udongo mbichi, na ufundi huo ndio ule ule wa wafinyanzi wa nchi hizi za magharibi karne zote zilizofuata. Umbo la boma la katikati lilimkumbusha Bwana Posnansky maboma ya wafalme wa Ankole, kama Bweyorere alikochimba pia. Basi huyu mgeni wa Ngome za Mgeni alipika kwa chungu cha jirani, akafuga ng'ombe kama jirani, akajenga kama jirani. Kwa nini tumtafutie kwao mbali?

Hata hivyo ni lazima tuseme kweli yote, isiwe tumetoa uongo wa mzungu tukaweka wetu. Baadhi ya wanahistoria wa siku hizi wameonyesha kwamba kuwaunganisha Wachwezi na mahandaki haya huenda ni jambo la karibuni, lililopata nguvu katika karne ya 20, wakati kila ufalme ulipokuwa ukitafuta ukubwa wa zamani ili upate heshima mbele ya serikali ya Waingereza. Wengine wameuliza kama Bigo ilikuwa ngome hata kidogo. Handaki la kilomita nyingi hivyo lahitaji askari wengi mno kulilinda, na lina mianya mingi. Yumkini lilikuwa la ng'ombe: kuwakusanya, kuwazuia wasiingie mashamba, kuonyesha mpaka wa mali ya mkubwa. Kule Bunyoro, katika mahandaki ya Munsa yazungukayo kilima cha mawe, Bwana Robertshaw alichimba miaka ya 1980 na 1990, akapata tanuri ya chuma, makaburi, na shanga za kioo zilizosafiri mpaka pale kutoka biashara ya Bahari ya Hindi. Kwa hiyo mahandaki hayo yalizunguka watu wenye mifugo, ufundi na biashara, si lazima yawe yalizunguka jeshi. Rafiki yangu mmoja aliposikia hayo alivunjika moyo, akasema kumbe ni zizi. Mimi naona zizi la kilomita 10 lina sifa kuliko ngome. Ngome ni habari ya hofu, na zizi ni habari ya maziwa.

Nchi nyingine hazikungoja mpaka kila swali lijibiwe ndipo zitunze. Huko Romania kuna mlima wenye magofu ya Sarmizegetusa Regia, mji mkuu wa Wadaki, taifa lililoshindwa na Kaisari Trajan wa Roma mwaka 106. Wadaki hawakuacha vitabu vya habari zao. Waliyoandikwa yaliandikwa na wageni na maadui, na Warumi walichonga ushindi wao juu ya nguzo ndefu iliyosimama Roma hata leo. Mawe ya mlimani ndiyo pekee yasemayo kwa upande wa walioshindwa. Mwaka 1999 ngome hizo za milimani ziliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Bigo na Ntusi ziliwekwa katika orodha ya kungojea mwaka 1997, miaka miwili kabla ya Wadaki kufaulu, nazo zingali zikingoja.

Na hapa ndipo maneno ya dini huingia. Shule yetu ni ya misheni, na wapo wazazi, hata walimu wawili watatu, wasemao kwamba si halali Wakristo kwenda kutembelea mahali pa Wachwezi, kwa kuwa watu bado huomba mizimu kwa majina hayo. Ni kweli, Mubende chini ya mti wa Nakayima watu huleta sadaka na kuwasha moto, na wanasema Nakayima alikuwa mtumishi wa Ndahura, aliyeombwa wakati wa ndui. Sisemi hofu ya wazazi ni upuuzi. Lakini wakumbuke jambo moja. Jumba la makumbusho la Uganda lilipoanzishwa mwaka 1908, katika ngome ya Lugard pale Kampala ya Kale, Baganda waliliita Enyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya mapembe ya uganga, kwa ajili ya hirizi zilizokusanywa ndani. Leo watoto wa shule za misheni hupanga foleni Kitante kuingia katika jumba hilo hilo, wakiwa na masista mbele yao, na hakuna arudiye amepagawa. Mapadri wetu wametufundisha habari za Baali na za Artemi wa Waefeso ili tufahamu Maandiko. Hawakuogopa tutawaabudu. Mwenye kwenda Mubende na daftari na kalamu si sawa na mwenye kwenda na kuku. Tena mtu wa pale akiomba, tumpishe kwa adabu kama tupendavyo watu watupishe sisi tukiwa kanisani.

Mimi naogopa jambo jingine kuliko mizimu, nalo ni jembe na kwato. Mahandaki ni udongo, na udongo hauliliwi unapokwenda. Ng'ombe akishuka kila siku mahali pamoja kwenda kunywa maji, ukingo huporomoka. Mtu akilima mpaka ukingoni, mvua hubeba ukuta na kuurudisha shimoni ulikotoka. Sheria ya mwaka 1967 ilikataza kuharibu mahali palipotangazwa kuwa pa kumbukumbu, lakini sheria haiwezi kumwambia mchungaji wa miaka 10 kwamba shimo hili si shimo. Simlaumu mchungaji huyo, hata mjomba wangu simlaumu. Ng'ombe ni lazima anywe maji.

Tena hatuhitaji kwenda Mawogola kujua jinsi mambo ya kale yanavyopotea. Ngome ile ya Kapteni Lugard, aliyefika Kampala Desemba 1890, haipo tena mahali pake. Juu ya kilima hicho umesimama msikiti mkuu, na mwenye kutaka ngome huonyeshwa mfano wake tu. Makaburi ya Wafalme wa Buganda pale Kasubi, ambako mwanafunzi wa Kawempe aweza kwenda kwa miguu baada ya chakula cha mchana, yaliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Nyumba kubwa ya Muzibu Azaala Mpanga iliteketea. Imejengwa upya kwa shida ya miaka mingi, na mwaka 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Iliwezekana kwa kuwa wapo wazee wajuao namna ya kuezeka, na wapo watu waliolia. Handaki la Bigo likijaa udongo, fundi wa kulirudisha hayupo.

Basi maoni yangu kwa Bwana Mkuu wa shule na kwa kamati ya safari ni haya. Twende Bigo wakati wa kiangazi, mwezi wa Julai, njia za Mawogola zikiwa kavu. Tulale usiku mmoja Sembabule au Masaka, kwa kuwa kwenda na kurudi kwa siku moja kutatufanya tuone viti vya basi kuliko mahandaki. Wanaolalamika juu ya gharama wapunguze soda. Kila darasa lipewe sehemu yake ya handaki, lipime upana na kina kwa kamba, lichore, liandike mahali palipoporomoka na sababu yake, na karatasi hizo zitunzwe katika maktaba yetu, nakala moja ipelekwe Kitante. Mwaka ujao wengine wapime pale pale. Baada ya miaka mitano shule hii itaweza kusema kwa hesabu, wala si kwa maneno kama haya yangu, ni kiasi gani kimepotea na upande upi unahitaji kuzungushiwa ua kwanza. Kamba ya mita 50 iko katika stoo ya michezo, ile ya kupimia mruko. Viatu vizito kila mtu aje na vyake, maana miiba ya huko haichagui.